UZI WA MZEE WA MWEZINI
Sehemu ya Tisa: Neno Moja Mbele ya Wakwe

Swali la Bibi Ho lilikuwa bado linaning'inia juu ya meza ya karamu ya posa, na supu ya samaki wa mwatiko ilikuwa bado inafuka mvuke, pale tulipomwacha mwalimu Liang wiki iliyopita.

"Nimekuuliza, bwana harusi," bibi akarudia, akinyoosha vijiti vyake vya kulia kuelekea mlangoni. "Uzi ulio mkononi mwa huyu muuza samaki, na ule uliochungulia kwenye shati lako ulipopokea bakuli, mbona ni pacha? Mwekundu kwa mwekundu, buluu kwa buluu. Mnajuana?"

Ua zima likanyamaza. Hata watoto waliokuwa wakigombea karanga chini ya turubai walitulia.

Mlangoni alisimama A-hun, binti wa mabwawa ya samaki, kapu la mwatiko begani, matope yamemkaukia vifundoni. Alimtazama Liang tu.

Ni yeye aliyekwenda na Liang hekaluni, sikukuu ya mwaka mpya, kwa Mzee wa Mwezini, yule anayewafunga watu uzi mwekundu miguuni wangali wachanga, ili wakikua wakutane hata kama bahari iko katikati. Liang alipewa nyuzi mbili, akampa mmoja. Ni A-hun aliyechomoa uzi wa buluu kwenye wavu wa baba yake akausokotea ndani ya zote mbili, huku akicheka: "Ili Mzee asituchanganye na wengine."

Kushoto kwa Liang ameketi Chu-yin, mchumba wake, mjukuu wa Bibi Ho na binti wa mwenye maduka ya vitambaa. Kulia kwake ameketi mama yake mzazi, Mama Gan, katika gauni lake jipya la hariri.

Liang akavuta mkono wa shati ukafunika uzi.

"Simjui," akasema.

Laiti angeishia hapo! Lakini ulimi wa mwongo haujui kusimama.

"Labda ameuokota," akaongeza. "Uzi wangu mmoja ulinipotea kule hekaluni."

"Ameuokota, au ameufuata mfukoni?" mjomba mmoja wa ukoo wa Ho akauliza kwa sauti. Meza ya pili ikaangua kicheko.

A-hun alishusha kapu taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Samaki ni wakubwa, kama mlivyoagiza," alimwambia Mama Gan. "Matumbo nimekwisha toa." Kisha akamgeukia bibi. "Bwana harusi amesema kweli, bibi. Hanijui. Nami nilidhani namjua."

Masikio ya Liang yaliwaka moto. Akainamia bakuli lake. Kichwa cha mwatiko kilielea mle, jicho moja juu, likimkodolea.

Mara kiti kikaanguka.

Kilianguka kwenye meza ya karibu na jiko, ile wanayokalishwa watu wasiotakiwa kuonekana sana. Aliyesimama ni Bun, kaka yake Liang, fundi baiskeli mwenye vidole ambavyo sabuni imeshindwa kuvitakasa. Bun aliacha shule ili mdogo wake asome. Amefiwa na mke. Hasemi mpaka asemeshwe.

"Mimi namjua," Bun akasema.

"Bun, kaa!" Mama Gan akafoka.

"Anaitwa A-hun. Mke wangu alipokuwa kitandani hajiwezi, huyu ndiye aliyemwosha nywele na kumlisha uji. Nyumba hii hii. Hajaokota cha mtu."

"Nimesema kaa!"

"Nimekaa sana, mama."

Akapita katikati ya meza, akalibeba kapu hadi jikoni, akarudi, akamfungulia A-hun lango kubwa la mbele. Lile la wageni wa heshima. Wakatoka pamoja.

Bibi Ho alikuwa bado amewatolea macho. "Yaani amekuwa akija nyumba hii," akasema polepole, "na bwana harusi hamjui?"

"Nilikuwa chuoni, bibi," Liang akajibu. Uongo wa tatu, na supu haijapoa.

Chu-yin alikuwa ametabasamu tangu mwanzo wa karamu, na sasa tabasamu lilibaki usoni pake kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Vema," bibi akasema, akiweka vijiti chini. "Binadamu hudanganya. Mzee wa Mwezini hadanganyi. Kesho asubuhi twende sote tukamwulize."

* * *

Jikoni, baada ya wageni kuondoka, Mama Gan alimfuta mwanawe jasho kwa kitambaa cha vyombo.

"Umejibu vizuri, mwanangu."

Lingekuwa kofi, Liang angelivumilia. Lakini sifa!

"Mama, wewe unamjua yule msichana. Umekula uji wake."

"Namjua sana. Unadhani nani alimwagiza samaki?"

Liang akaduwaa.

"Mwatiko wamejaa sokoni mpaka wananuka," mama akaendelea, akipangusa bakuli. "Mimi nilituma mtu mpaka mabwawani. Nikasema aje mwenyewe, mchana, wageni wakiwa wamekwisha keti."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ningemwambia mimi asingeniamini. Nilitaka asikie kwa kinywa chako. Ule uzi tu ndio sikuutazamia."

"Na kama ningesema namjua?"

Mama Gan alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kama kuku anaweza kunyonyesha.

"Wewe?" akasema.

Akachukua sufuria, akatoka uani.

Neno hilo moja lilibaki na Liang jikoni. Alijaribu kulikasirikia, akashindwa. Mama yake hakumtukana. Alimjua tu.

* * *

Asubuhi hekalu lilijaa moshi wa ubani. Wasichana wa kiwanda cha nguo walikuwa wamepiga foleni kuomba waume, na mwanamke mmoja aliyeolewa juzi alikuwa akigawa peremende za shukrani. Sanamu ya Mzee wa Mwezini ilikaa pale pale penye kiti chake, ndevu nyeupe, mashavu mekundu, fimbo mkononi. Liang aliona kama anamtazama yeye peke yake.

"Sema jina lako na jina la mchumba wako," Bibi Ho akaamuru. "Kisha uliza kama ndiye."

Liang akapiga magoti. Akapokea vile vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mchanga, kila kimoja bapa upande huu, kimebenuka upande ule. Kimoja kikilala hivi na kingine vile, Mzee amekubali. Bapa zote zikitazama juu, Mzee anacheka. Zikitazama chini, amekataa, na hakuna rufaa.

"Mimi Gan Ko-liang," akanong'ona. "Je, Ho Chu-yin ndiye uliyenifungia uzi?"

Akarusha. Ko, ko!

Bapa zote juu.

"Anacheka," mama yake akasema haraka. "Amefurahi. Rusha tena."

Akarusha tena. Bapa zote juu.

Wasichana wa kiwandani wakaanza kusogea. Hakuna anayekataa tamasha la bure.

"Kaka, Mzee amekuona leo!" mmoja akasema. "Umefanya nini?"

Wenzake wakacheka. Jasho lilimtiririka Liang mgongoni. Akarusha mara ya tatu, na kipande kimoja kikamponyoka kabla ya kingine.

Vyote vikalala kifudifudi.

"Hapana!" wasichana wakasema kwa pamoja.

Mama Gan akaanza kueleza kwamba mwanawe hakunawa mikono vizuri. Bibi Ho hakumsikiliza. Maana Chu-yin, ambaye hakuna aliyemtuma, alikuwa amepiga magoti kando ya Liang na kuviokota vile vipande.

Alifumba macho. Midomo yake ilisogea bila sauti. Akarusha: ndiyo. Akarusha: ndiyo. Akarusha: ndiyo.

Bibi Ho akapumua. Mama Gan akapiga makofi. "Si mmeona! Mzee alitaka kuombwa na bibi harusi!"

Liang alimfuata mchumba wake uani, penye tanuri la kuchomea karatasi. Moyo ulikuwa umeanza kurudi mahali pake.

"Umemwuliza nini?"

Chu-yin alikuwa akijifuta jivu kwenye mkono.

"Nimemwuliza kama wewe ni mwongo."

Msomaji, mtu huweza kufa amesimama, na viatu vikaendelea kung'aa.

"Chu-yin, nisikilize..."

"Nisikilize wewe. Sikukasirika kwamba ulipenda. Nani hajapenda? Hata mimi nina wangu niliyemlilia, wala sitakuambia ni nani. Lakini jana ulimfanya binti wa watu mwizi mbele yangu, nami nikakaa pale nikitabasamu kama mwanasesere. Umeniingiza kwenye aibu yako bila kunikaribisha."

"Nitafanya nini sasa? Keki za posa zimegawiwa mtaa mzima."

"Ndiyo. Na anayechekwa keki zikirudi si mwanamume." Sauti yake ilitikisika kidogo, akaikaza. "Nenda ukamlete. Aje kwetu leo, na wale wale waliocheka jana nitawaita mimi. Useme mbele yao kwamba uzi ni wake, na ni nani aliyempa. Ukimaliza ndipo nitajua kama naolewa au siolewi."

"Na asipokubali kuja?"

"Hilo ni lako na yeye." Chu-yin akageuka. Kisha akasita. "Liang. Usimwambie uongo ili aje. Nakuomba hilo tu."

* * *

Baiskeli ilimfikisha mabwawani jua likiwa limepanda. Upepo wa baharini ulikuwa mkali, wenye chumvi. Ilikuwa siku ya kuvua: wanaume na wanawake walisimama majini hadi viunoni wakivuta wavu mrefu, na mwatiko walikuwa wakiruka juu, weupe, kama vioo vinavyotupwa.

Mtu wa kwanza aliyemwona hakuwa A-hun. Alikuwa Bun, amechuchumaa juu ya tuta kando ya pampu ya maji, spana mkononi, amepakaa grisi hadi kwenye viwiko.

"Pampu yao ilikuwa mbovu," Bun akasema kabla hajaulizwa. Wala hakuinua macho.

A-hun alikuwa ameshika ncha ya wavu, kofia yake ya majani imefungwa kwa kitambaa kidevuni.

"Mwalimu amepotea njia?" akaita. "Shule iko mjini."

Wavuvi wakacheka. Liang akatembea juu ya tuta, viatu vyake vya ngozi vikizama, hadi akamkaribia.

"A-hun, nimekuja kuomba radhi."

"Sisikii. Upepo."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Wenzangu hawajasikia. Jana ulikuwa na sauti nzuri, mpaka meza ya jikoni ilikusikia."

Liang aliwatazama wavuvi. Mmoja alikuwa baba wa mwanafunzi wake, na kila wakikutana barabarani humvulia kofia. Sasa alikuwa amesimama majini, mdomo wazi, akingoja. Liang akashusha sauti.

"Tusogee pembeni basi," akasema.

Pembeni! Neno lilikwisha toka, halirudi.

A-hun alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha hata ya kuazima.

"Pembeni. Umesikia, baba? Tusogee pembeni." Baba yake, mzee mfupi aliyekuwa akipanga barafu kwenye masanduku, hakuitikia. "Tumependana pembeni, Liang. Nyuma ya hekalu. Nyuma ya ghala la chumvi. Tukikutana sokoni unatazama bei za kabichi. Nikasema, mwalimu ana haya. Nikakupenda zaidi kwa hizo haya zako! Kumbe ulikuwa unaona haya kuonekana nami."

"Si hivyo. Mama..."

"Mama hakukushika ulimi."

"Lakini ule uzi, A-hun! Mzee wa Mwezini mwenyewe alitufu..."

"Usimsingizie Mzee. Yeye hufunga miguu. Ulimi alikuachia mwenyewe."

Liang alitamani ardhi ipasuke immeze. Akavuta pumzi.

"Njoo nami mjini," akasema, na safari hii sauti ilitoka. "Leo. Nitasimama mbele ya wale wale waliocheka, niseme uzi ni wako na ni mimi niliyekupa. Nitasema nilidanganya."

Wavu ukalegea. A-hun alimtazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa ule wa zamani, ule wa nyuma ya ghala la chumvi.

"Mbele ya bibi yule?"

"Mbele ya bibi yule."

"Na mama yako?"

"Na mama."

"Kweli, Liang?" Alisema kwa upole. "Hilo umeliwaza mwenyewe?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa ncha ya ulimi. Lakini alikumbuka ombi la Chu-yin, na lile tabasamu lililosahauliwa kwenye kamba, akakaa kimya. Naye A-hun alikuwa anaufahamu ukimya wake kuliko maneno yake.

"Nani kakutuma?"

"Chu-yin."

A-hun alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu aliyeambiwa samaki wote wamekufa.

"Kumbe ni mtu mwema," akasema. "Afadhali yeye. Wewe hata toba yako imekuja kwa kutumwa."

Bun akatupa spana chini. "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Nakuomba. Unajiumiza, na unamwumiza."

Juu ya tuta, kutoka barabarani, alikuwa anakuja mwanamke mnene amejikinga jua kwa mwavuli, ua jekundu nyweleni, na nyuma yake mchukuzi na masanduku mawili mekundu ya posa.

Alikuwa Mama Sia, mshenga, yule yule aliyewaunganisha Liang na Chu-yin.

Akampita Liang bila kumsalimu, akaenda moja kwa moja kwa baba yake A-hun, akafunga mwavuli na kuinama.

"Mzee, hongera! Nimeletwa na Mama Gan. Anaomba binti yako aingie nyumbani kwake awe mkwe."

Wavuvi wakaguta. Mwatiko waliruka nje ya wavu, hakuna aliyewajali.

Moyo wa Liang ulipaa. Mama! Kumbe mama amejuta! Kumbe ile hapana ya hekaluni imemwingia! Alipiga hatua mbele, machozi yakimlenga, tayari kupiga magoti topeni na suruali yake ya mjini.

"Anamwomba," Mama Sia akaendelea, "kwa mwanawe mkubwa. Bun."

Liang alibakia na mguu mmoja mbele.

"Mimi?" Bun akasema.

Mshenga akamsogelea Liang, akamnong'oneza huku akitabasamu kwa ajili ya watu. "Mama yako ana akili, mwalimu. Aliye nje anabweka, aliye ndani anafunga mdomo. Na hakuna mtu duniani anayeweza kumdai shemeji yake."

Shemeji! Liang aliliona neno hilo likiketi naye mezani asubuhi na jioni, likimpakulia wali, hadi uzee.

Baba yake A-hun alisimama na kipande cha barafu mkononi, maji yakimdondoka. Alimtazama binti yake. A-hun alimtazama Liang. Basi watu wote, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Liang.

Hakuna aliyemwuliza kitu. Haikuwa lazima. Mtoto mchanga angejua kwamba huu ndio wakati.

Liang alifungua midomo. Akamwona mama yake jikoni. Akamwona Bibi Ho, akaona mlango wa darasa lake, akaona keki zikirudishwa nyumba kwa nyumba, na Chu-yin amejifungia chumbani. Maneno yalikuwapo, mawili tu, namtaka mimi. Yalifika kwenye meno.

Akafumba midomo.

Upepo ukavuma. Mwanamke mmoja majini akasema, "Loo," basi.

"Rudi na masanduku yako, Mama Sia," Bun akasema.

"Unamkataa?" mshenga akashangaa. "Msichana kama huyu, na wewe mjane mwenye mikono ya grisi?"

"Simkatai. Hapo ndipo penye shida."

Liang alianza kutambua kaka yake anakokwenda, akatamani kumziba mdomo.

Bun alijifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, ingawa haingetakata. Alikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Mnaniona mtu mwema," akasema. "Jana watu walinifuata njiani wakinisifu. Nikakosa usingizi. Mimi si mtu mwema. Nilimwomba Mzee wa Mwezini anipe A-hun, na wakati naomba, mke wangu alikuwa bado anapumua."

Mshenga akaziba mdomo kwa mkono. Baba yake A-hun alitupa barafu chini, akaokota kasia.

"Yeye analala anakufa," mzee akasema kwa sauti ya kukwaruza, "na wewe unamwombea binti yangu? Binti yangu aliyekuwa akimwosha?"

"Ndiyo, baba. Unipige. Nimengoja sana mtu anipige."

"Baba, acha," A-hun akasema. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Kaka Bun. Dada, mkeo, alijua?"

Bun aliitazama spana iliyolala chini.

"Yeye ndiye aliyenipeleka."

Hata mchukuzi alitua masanduku.

"Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu," Bun akasema. "Nilimbeba mgongoni mpaka hekaluni, nikadhani anakwenda kuombea uzima. Akaniambia omba, akanitajia jina lako. Nikakataa. Nikamgombeza, mgonjwa yule, mbele za watu. Akasema, usipoomba wewe nitaomba mimi, na mimi sina pumzi ya kusema mara mbili. Basi nikaomba. Na nilipokuwa naomba..." Sauti ikamkatika. "Nilipokuwa naomba, nilitaka nikubaliwe. Hilo ndilo sijamwambia mtu. Nilitaka. Yeye yuko mgongoni kwangu, namsikia moyo wake, nami nataka. Mzee akasema ndiyo. Kisha tukamzika. Nilikuwa nimejipa mwaka mmoja wa msiba ndipo niseme, lakini kabla haujaisha nikauona uzi mkononi mwa mdogo wangu, pacha wa wako. Nikasema, hii ndiyo adhabu yangu. Nikafunga mdomo."

A-hun aliachia wavu. Samaki wakatawanyika kwa mshindo, na hakuna aliyelalamika.

Alipanda juu ya tuta. Ndugu wale wawili walikuwa wamesimama kando kwa kando, na tuta lenyewe ni jembamba. Liang alitaka kuinua macho, akashindwa. Aliona miguu ya A-hun tu, mitupu, yenye matope, ikija. Ikampita Mama Sia. Ikaipita pampu.

Haikusimama kwa Bun.

Ilisimama mbele ya viatu vya Liang. Mkono wenye maji ya chumvi ukamshika kidevu, ukamwinua uso, mbele ya baba yake, mbele ya mshenga, mbele ya mabwawa yote.

"Wewe ulikuwa ukikaa na dada jioni, ukimsomea gazeti," A-hun akasema taratibu. "Hakuwa na siri na wewe. Mambo haya ya kaka yako alikwambia, Liang? Uliponipa ule uzi, ulikuwa unajua?"

Bun aligeuka ghafla kumtazama mdogo wake.

Na Liang, masikini wa watu, alikuwa anajua.